Maji Yasiyonyweka: Maziwa ya Mji wa Singida na Walinzi Wake

Iko miji katika Afrika ya Mashariki iliyopata jina kwa ajili ya maji yake. Nairobi ni neno la Kimasai; wenyewe walisema Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi, na jina la maji likawa jina la mji mkuu wa Kenya. Mto wa Mbu na Maji ya Chai, katika nchi ya Arusha, ni majina yasiyohitaji mkalimani. Singida nayo imo katika ukoo huu, ingawa kwa namna yake. Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini, katika uwanda wa juu wenye majabali makubwa, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Atazamaye jina la ziwa la kwanza kwa jicho la Kiswahili huona mara moja kiambishi -ni, kile kile cha nyumbani na shambani, na umbo zima lamwambia: mahali pa Singida. Lakini msemaji wa leo hasemi Singidani kumejaa. Husema Singidani limejaa. Upatanisho umeacha kufuata mahali ukafuata ziwa. Kiambishi kimekufa ndani ya jina, na jina limekuwa la kitu kimoja chenye mwili wake, kinachojaa na kupungua, kinachoweza kuharibiwa au kutunzwa.

Jambo hili si dogo. Maji ya mjini huharibika kwanza pale yanapoacha kuwa kitu chenye jina na kugeuka kuwa mahali tu, yaani mahali pa kutupia, pa kuvukia, pa kujengea kwa kuwa hapana mwenyewe. Historia ya maziwa ya Singida ni historia ya maji yaliyobakia na jina lakini yakakosa neno la kuyaeleza thamani yake katika lugha ya maendeleo. Ili kulieleza hilo yapasa kwanza kuyajua maziwa yenyewe.

Maziwa haya hayana mlango wa kutokea. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na maji yake hushuka kutoka mitaani na mashambani yakaingia ziwani, wala hayana njia nyingine ya kuondoka ila kuchukuliwa na jua na upepo. Nalo jua huchukua maji matupu; huacha nyuma chumvi, magadi, udongo, na kila kilicholetwa na mkondo. Hapa ndipo ziwa la namna hii linapotofautiana na mto. Mto upitao mjini hupokea uchafu na kuupeleka kwa jirani wa chini, naye jirani wa chini huupeleka baharini. Watu wa juu waweza kuishi miaka mingi bila kuyaona matendo yao. Ziwa lisilo na mlango hupokea na kuweka. Kila kilichotupwa Singida kikafika majini, kimebaki Singida.

Maji hayo ni ya chumvi na hayanyweki, lakini yana uhai mwingi. Iko aina ya perege iliyozoea maji makali ya nchi ya kati, ambayo Hilgendorf, mtaalamu wa Kijerumani, aliieleza mwaka 1905; huonekana Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Wako heroe wadogo, ndege warefu wa rangi ya waridi, ambao mazalio yao makuu katika Afrika ya Mashariki ni Ziwa Natron, nao huhama toka ziwa hata ziwa wakitafuta mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Kwa ajili ya ndege hao na wenzao, maziwa ya Singida yametiwa katika orodha ya mahali muhimu pa ndege duniani. Mtu aliye sokoni Singida aweza kwenda kwa miguu kuwatazama. Miji yenye bahati hiyo ni michache. Maji ya kunywa, hata hivyo, mji huyapata chini ya ardhi, kwa visima virefu kama vile vya Mwankoko. Nayo maji ya visima katika Mkoa wa Singida yana taabu yake, kwa kuwa mahali pengi yana madini ya floraidi yanayotia rangi meno ya watoto. Basi watu wa mji huu wamezungukwa na maji wasiyoweza kuyanywa, na hunywa maji wasiyoyaona.

Tofauti hiyo iliingia katika lugha ya Serikali. Baada ya Uhuru, maendeleo ya vijijini yalienezwa kwa Kiswahili, na kampeni kubwa za elimu ya watu wazima zilibuni namna ya sentensi inayostahili kuchunguzwa na wanaisimu. Mwaka 1973 palikuwa na Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu kama milioni 2 kusikiliza redio kwa vikundi, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali. Umbo ni moja: jina, ni, jina. Hapana kitenzi kingine, hapana wakati, hapana mtenda. Jina la kwanza ni kitu kinachojulikana na kila mtu. La pili ndilo linalokipa thamani. Sentensi hii ni nyepesi kukaririwa, na nguvu yake yote imo katika uchaguzi wa jina la pili. Misitu ingeweza kuwa mvua, au kivuli, au mizimu. Ikachaguliwa kuwa mali, na kwa neno hilo msitu ukawa kitu cha kuhesabiwa.

Juu ya maji usemi uliotawala ni maji ni uhai. Usemi huo ulikuwa na mpango nyuma yake: mwaka 1971 ilikusudiwa kwamba katika muda wa miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Lengo hilo halikutimia mwaka 1991, lakini liliacha maana thabiti katika neno maji. Maji ya maendeleo ni maji ya kunywa, ya bomba, ya kisima. Hata Wiki ya Maji, inayoadhimishwa nchini kila mwaka katika mwezi wa Machi na kufikia kilele chake tarehe 22, ni sikukuu ya mabomba zaidi kuliko ya mito na maziwa. Viongozi hufungua koki, na ndoo ya kwanza hutwishwa mwanamke mbele ya wapiga picha. Hapana ubaya katika hilo. Lakini Singidani na Kindai haziingii katika sentensi ile. Hazinyweki, kwa hiyo si uhai. Wala hapakutokea kampeni iliyozitafutia jina la pili.

Zamani neno halikukosekana, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na wenyewe. Wanyaturu, ambao hujiita pia Warimi, na ambao Guthrie aliiweka lugha yao katika kundi la F.32 kati ya Kinilamba na Kirangi, ni wakulima na wafugaji wa nchi kavu, na katika nchi kavu amri juu ya mvua ni amri juu ya kila kitu. Von Sick, ofisa wa Kijerumani aliyeandika juu yao mwaka 1915, na baadaye Schneider na Marguerite Jellicoe, wote wawili waliokaa Unyaturu na kuandika vitabu juu yake, wanaonyesha jamii isiyokuwa na mfalme mmoja, ambamo mamlaka yaligawanyika kati ya koo, wazee, waganga wa mvua, na vyama vya wanawake vyenye miiko yake. Vichaka vya matambiko vilihifadhiwa bila mlinzi mwenye bunduki. Palipokuwa na mwiko palikuwa na mtu wa kuutamka na watu wa kuuogopa, na huo ndio uliokuwa utawala wa mazingira, ijapokuwa hapana aliyeuita hivyo.

Jellicoe ndiye pia aliyeandika, mwaka 1969, juu ya upinzani wa Waturu dhidi ya Wajerumani, ambamo jina la mwanamke Liti lina mahali pake. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba aliwatuma nyuki kuwapiga askari. Mwenye kutaka kujua kama mji wa Singida waweza kulienzi jambo lake atazame uwanja wake wa mpira: kwa miaka mingi uliitwa Namfua, kisha ukapewa jina la Liti, na sasa jina hilo husomwa na watangazaji wa redio kila timu kubwa inapokwenda kucheza huko. Jina la mwanamke wa mvua na nyuki limerudi mjini kwa njia ya mpira wa miguu. Maziwa bado hayajapata bahati hiyo.

Utawala wa kigeni ulileta mamlaka ya namna nyingine. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930, wakaling'oa katika miaka ya 1940 na vyuma vyake vikapelekwa kusini kwa ajili ya mpango wa karanga. Reli ya sasa ni kazi ya miaka ya baada ya Uhuru. Mwaka 1963 Singida ikawa makao makuu ya mkoa. Mji ukakua kama miji ya mikoa inavyokua, kwa ofisi, shule, hospitali na soko, na wale waliohamia hawakuwa wote Wanyaturu. Walikuwapo Wanilamba, Wagogo, Wasukuma, Warangi, Wataturu, na wengine kutoka mbali zaidi. Miiko ya ukoo mmoja haiwezi kumfunga mgeni wa lugha nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Manispaa ya Singida ilikuwa na watu 150,379, na mwaka 2022 mkoa mzima ulifika watu 2,008,058. Kila nyumba mpya huongeza paa, na kila paa huongeza maji yanayokimbia kuelekea ziwani pamoja na vile yanavyovikuta njiani.

Hata hivyo, mkoa huu huu ndio uliotoa mojawapo ya mifano mikuu ya Tanzania ya watu wa kawaida kurudishiwa ulinzi wa mali ya wote. Mfano huo haukuwa wa maji bali wa msitu, nao wastahili kuelezwa kwa urefu, kwa maana pasipo kuujua hauelezeki upungufu wa maziwa.

Msitu wa Mgori uko kaskazini-mashariki ya mji, upande wa bonde la ufa, nao ni mkubwa, kama hekta 40,000 za miombo na vichaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Hali ya msitu ilikuwa mbaya: moto, mashamba ya kuhamahama ndani yake, na wakataji wa mbao kutoka nje. Habari ya kwamba utatwaliwa na Serikali haikuupunguzia mzigo. Mtu aambiwaye kwamba kesho ghala litafungwa na mwingine, leo hujaza gunia lake. Wakati huo jirani zao wa Babati, katika msitu wa Duru-Haitemba, walikuwa wamekwisha jaribu njia nyingine, mwaka 1994, ya vijiji vinane kuuchukua msitu wenyewe. Kwa ushauri wa Liz Wily, mtaalamu wa mambo ya ardhi, na kwa msaada wa mpango wa Uswidi wa matumizi ya ardhi, njia ile ikaletwa Mgori. Mwaka 1995 vijiji vitano, Pohama, Ngimu, Mughunga, Unyampanda na Nduamughanga, vikagawana msitu, kila kimoja na sehemu yake.

Kila kijiji kilichora mpaka wake, kikachagua kamati, kikateua vijana wa kulinda, kikaandika sheria ndogo. Uwezo wa kuandika sheria hizo vijiji vilikuwa navyo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ila ni wachache waliofikiri kuutumia kwa jambo kubwa kama hili. Yakatajwa yaliyoruhusiwa, kama mizinga ya nyuki na kuni zilizokauka, na yaliyokatazwa, kama kulima ndani na kukata mbao bila kibali. Waliokuwa na mashamba msituni wakatoka. Waliotoka nje kuja kukata miti wakakamatwa na vijana wa kijiji, si na ofisa kutoka mjini. Taarifa za miaka ile zaeleza kwamba moto ulipungua na miti ikaanza kurudi. Miaka michache baadaye mawazo ya Duru-Haitemba na Mgori yaliingia katika Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002.

Kwa mwanaisimu jambo la kupendeza ni hili. Lugha ya ofisi wakati huo, na hata sasa, ilipenda neno ushirikishwaji. Neno hilo likichambuliwa laonyesha siri yake: shiriki ni tendo la mtu mwenyewe, shirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki, shirikishwa ni kufanywa ushiriki na mwingine, na ushirikishwaji ni hali ya kufanyiwa hayo. Mtenda halisi yuko nje ya neno, amekaa ofisini. Wananchi wameshirikishwa, husema taarifa, na sarufi yenyewe yatoboa kwamba jambo lilikuwa la mwingine. Watu wa Mgori hawakushirikishwa kwa maana hiyo. Walikabidhiwa, na mwenye kukabidhiwa huulizwa, huhukumu, hukosea, hugombana na jirani yake juu ya mpaka. Ugomvi wa mpaka ni dalili njema katika mambo haya. Hapana anayegombania mpaka wa kitu asichokiona kuwa chake.

Kwa nini basi jambo lililowezekana katika hekta 40,000 za msitu likawa gumu katika maziwa mawili ya mjini? Jibu moja ni la kisheria. Kijiji cha Tanzania ni mtu mbele ya sheria. Kina halmashauri, kina ardhi, chaweza kushitaki na kushitakiwa. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Una mwenyekiti na mhuri, na mhuri wake hutumika zaidi kwa barua za utambulisho kuliko kwa sheria ndogo. Kando ya ziwa la mjini hukutana wenye amri wengi: manispaa, Bodi ya Maji ya Bonde la Kati yenye makao yake Singida, watu wa uvuvi, watu wa mazingira, na watu wa ardhi. Wote wana amri, na kwa sababu hiyo hiyo mkazi wa ukingoni hana.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilijaribu kumpa mahali kwa kuanzisha Jumuiya za Watumia Maji. Lakini neno watumia lina mpaka wake. Mkulima wa mfereji ni mtumia maji. Mwenye kisima ni mtumia maji. Mama aishiye Kindai, ambaye hanywi maji yale wala hamwagilii kwayo, lakini hukaa kwenye upepo wake, hunusa harufu yake linapokauka, na huogopa maji yake yanapopanda, yeye ni nani? Hana jina katika sheria. Wavuvi kidogo wamepata nafuu, kwa maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliwatambua kwa vikundi vyao vya kulinda mialo, na mvuvi ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba samaki wamekuwa wadogo.

Neno jingine lenye hatari ni bonde. Katika jina la Bodi ya Bonde la Kati neno hilo lina heshima. Ni eneo lote linalokusanya maji, toka kilimani hata ziwani, na Tanzania nzima imegawanywa katika mabonde tisa ya namna hiyo. Lakini katika Kiswahili cha Dar es Salaam neno hilo limechukua sura nyingine. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu zaidi ya 40, wengi wao katika bonde la Mto Msimbazi, wakazi wa mabondeni wakawa kundi la watu katika magazeti na hotuba: watu wa kuonywa, kuhamishwa, kulaumiwa. Baadhi yao walipelekwa Mabwepande. Mto wenyewe, utokao katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini karibu na daraja la Selander, haukutajwa sana ila kama adui. Mahali pake pa chini paitwa Jangwani, jina la ajabu kwa mahali panapofunikwa na maji kila mvua kubwa inaponyesha, na wapenzi wa Yanga, ambao klabu yao ina makao huko, hujiita Wanajangwani kwa fahari. Palipo na mpira pana fahari, palipo na nyumba za maskini pana lawama, na ardhi ni ile ile. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Fedha ni nyingi; neno mabondeni halijabadilika.

Nairobi yatoa mfano unaokaribia zaidi ule wa Mgori, ingawa ni wa mjini kabisa. Mto Nairobi uliwekewa mpango wa kuusafisha tangu mwaka 1999, kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake katika mji ule ule. Mwaka 2008 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliusukuma usafi kwa mkono wa amri, na sehemu ya ukingo karibu na katikati ya mji ikafanywa bustani ambayo baada ya kifo chake mwaka 2012 ilipewa jina lake. Lakini jambo la kufikirisha zaidi lilitokea Korogocho, mbali na ofisi. Vijana wa huko, kwa kikundi chao kiitwacho Komb Green Solutions, waliondoa taka kwenye ukingo uliokuwa jaa na mahali pa kuogopwa usiku, wakapanda miti, wakatengeneza mahali pa watoto kucheza. Waliutendea ukingo kama wa kwao kabla ya mtu yeyote kuwaambia kwamba ni wa kwao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, Serikali ya Kenya ilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na mito kwa kipimo cha mita 30, na swali la nani mwenye ukingo likaulizwa upya, safari hii kwa tingatinga.

Tanzania kipimo ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Kwa mto wenye kingo za mawe kipimo hicho ni chepesi. Kwa ziwa la Singida si chepesi hata kidogo. Ziwa lenye kina kifupi juu ya ardhi tambarare, maji yakipanda kwa urefu wa goti, ukingo husogea mbali sana. Mwaka wa ukame mkulima hulima bustani ya mchicha mahali ambapo mwaka wa mvua mvuvi hupitisha mtumbwi. Mita 60 kutoka wapi? Sheria yadhani kwamba ukingo ni mstari. Wenyeji wa Singida wajua kwamba ni safari.

Kuhusu sherehe, mji haukosi siku za kushika jembe na fagio. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipogeuza sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, watu walitoka nchini kote kufyeka na kuzoa taka, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa desturi. Kazi ya namna hiyo si ngeni. Kiswahili kina ujima, kina msaragambo katika Upare na Usambara, na Kenya ina harambee. Kila neno lina historia yake ya watu kufanya kazi bila mshahara kwa sababu matokeo ni yao. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti nayo huangukia tarehe 1 Aprili, wakati mvua za Singida ziko karibu kukatika. Mche uliopandwa siku hiyo hupata majuma machache ya maji, kisha miezi saba ya jua. Wakulima wa mkoa huu, ambao hupanda alizeti na uwele kwa kuhesabu siku, hawangechagua tarehe hiyo kama wangeulizwa. Kalenda iliyokabidhiwa kwa watu wa ziwa ingeanza Desemba.

Ikiwa ukingo wa Singidani na Kindai ni safari, basi ramani yake ya kweli imo vichwani mwa watu walioiona ikienda na kurudi. Mvua kuu za 1961 na 1962 ziliinua maziwa ya Afrika ya Mashariki. Ziwa Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifurika tena. Kati ya nyakati hizo mbili watu waliopanda, waliofuga na waliovua kando ya maziwa walikuwa na majina ya mahali, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili: jabali ambalo maji yaliligusa, mti ambao mitumbwi ilifungwa, ghuba ndogo ambayo heroe hushukia kwanza. Majina ya namna hiyo ni kumbukumbu za kipimo. Manispaa na Bodi ya Bonde zikitaka kuweka nguzo za mpaka, ni hapo pa kuanzia, na kazi ya kuyakusanya ni kazi ya wanafunzi wa lugha kama ilivyo ya wapima ardhi. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 maji yalipopanda mwaka 1961, ambaye aweza kuonyesha kwa kidole jabali lililofunikwa, amekwisha pita miaka 70.